Umaima na Usiku wa Tano

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa bondeni huko Hadharamaut, mwaka ambao watu wake waliuita mwaka wa homa, usiku ukiwa umekwisha kuwa mwingi na taa zote zimezimwa, ilisikika sauti ya mtoto mchanga akilia nyuma ya ukuta. Hakuwa analia kwa kudeka. Alikuwa analia kilio kile kikavu, kinachokatika na kuanza upya, na aliyewahi kunyonyesha anakijua, hata kama mtoto si wako, hata kama humjui jina, masikio yanasikia na kifua ndicho kinachojibu, unajikuta nguo imelowa kabla hujafikiri lolote.

Aliyekuwa akimsikia ni mwanamke kijana aitwaye Umaima, mke wa Yaslam muuza asali, mcha Mungu, mwenye kuhifadhi sala zake, naye alikuwa na mwanawe wa kwanza kifuani, wa miezi minne. Mtoto aliyelia ni Thabit, mwana wa jirani yao Faraj. Na huyu Faraj kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Mwaka ule wa homa hakushinda wala hakulala nyumbani, anatoka kwa maiti huyu anaitwa kwa yule, na mkewe Ghaliya yuko kitandani peke yake. Mchana homa humpungua akamnyonyesha mwanawe, usiku humzidi hata hajui kama ana mtoto.

Umaima hakumuuliza mtu. Hakungoja kupambazuke aende kwa mwanachuoni kuuliza inafaa au haifai. Alimlaza mwanawe, akapanda darini, maana nyumba zile zilipakana madari na mlango wa Faraj ulikuwa umekomewa kwa ndani, akavuka kikuta kifupi, akashuka, akamtwaa yule mtoto, akamnyonyesha mpaka akaliachia titi mwenyewe kwa usingizi. Kisha akarudi kwake, na moyo wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

Mtauliza haya yamejulikanaje, maana mengine yajayo ni ya siri. Aliyeyasimulia ni Bibi Umaima mwenyewe, uzeeni, akiwa hana tena wa kumwonea haya ila Mola wake, aliwasimulia wanawake waliokuwa wakija kwake kusoma. Wengine waliojua walikwenda nayo kaburini kama walivyoahidi.

Basi homa ikaondoka, ikaondoka na wengi, ikamchukua na yule mwanawe wa kwanza Umaima. Baadaye Mola akamruzuku binti, akamwita Lubaba, na hakupata mwingine. Ghaliya akafariki, Faraj akafariki, na Thabit akashika kazi ya baba yake. Kisha Yaslam naye, mume wa Umaima, akaitikia wito, na aliyemwosha alikuwa Thabit.

Miaka miwili baada ya hapo Thabit akamposa Lubaba. Alimposa kwa adabu zote, kupitia kwa Mbarak, ndugu yake marehemu Yaslam, ambaye ndiye walii wa binti, mwenye kumwozesha. Mbarak akafurahi. Lubaba alipoulizwa aliinamisha uso akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na tabasamu ndani. Umaima hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Nyinyi ndio mnaojua." Mwezi mzima akawa anasema hivyo hivyo.

Ikafika siku ya kuja kuzungumza mahari. Umaima alikuwa nyuma ya pazia pamoja na Lubaba. Thabit alikuwa ametoka kuosha maiti asubuhi ile, ameoga, amevaa nguo safi, lakini kwenye shali yake ilikuwa imebaki harufu ya kafuri wanayotiwa maiti. Harufu ile ikapita pazia ikamfikia Umaima, na hapo hapo moyo wake ukasema: haramu.

Angalieni hapa, mama wenzangu, maana mimi kila nikifika hapa naogopa. Hakujua ni haramu ya nini. Neno lilikuja peke yake, zima, zito, kama lililoletwa na mtu mikononi. Naye alikuwa mwanamke ambaye moyo wake uliwahi kumwambia kweli. Usiku ule wa mtoto ulimwambia nenda, akaenda, na ilikuwa heri. Kwa nini asiuamini na leo? Akaanza kutafuta sababu ya neno lile, na alipotafuta hakuchelewa kuipata. Akapiga kofi nyuma ya pazia. "Subhanallah! Mbona nilimnyonyesha!"

Akamwita Mbarak kando.

"Shemeji, ndoa hii haipo. Thabit ni ndugu yake Lubaba. Nimemnyonyesha mimi kwa titi langu."

"Umemnyonyesha lini, shemeji? Tangu mwezi wa Rajabu tunasema posa, posa, na wewe hukufungua mdomo."

"Mwaka wa homa. Nilisahau. Leo moyo umenikumbusha."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

Alisema bila kusita. Na neno lile lilikata kila kitu, kwa sababu katika madhehebu ya watu wa bonde lile, nayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano zinazojulikana, kila moja mbali na mwenziwe, basi amekuwa mwanawe wa kunyonya, na binti wa mwanamke yule amekuwa dada yake, hawaoani mpaka Kiyama. Zikipungua tano, si mwanawe. Na shahidi wa mambo yale alikuwa mmoja tu duniani. Ghaliya yuko kaburini. Mwenyewe Thabit alikuwa mchanga. Ndoa ya vijana wawili ilikuwa imeshikwa ndani ya kinywa cha Umaima, akisema tano imekufa, akisema nne iko hai.

Thabit alipoambiwa hakubisha. Alisema tu, "Ikiwa ni mama yangu basi nimepata mama, na wangu nilikwisha kumzika. Ikiwa si mama yangu, Mola atalidhihirisha." Tangu siku ile akaacha kupita njia ya nyumba yao, akawa anazunguka kwa upande wa visima, jua kali, na ndoo yake ya kuoshea begani.

Lubaba yeye hakuwa na subira ya namna hiyo.

"Mwezi mzima, mama! Moyo wako ulikuwa safarini?"

"Usinijibu hivyo. Nakuepusha na moto."

"Unaniepusha na moto au na shali yake? Nilikuona ulivyoziba pua."

Umaima akanyanyua mkono kama atakayempiga, akaushusha. Akatoka, akaenda kukaa jikoni.

Mbarak alikuwa mtu wa haki. Akasema ushahidi wa kunyonyesha hautoki jikoni ukaishia sebuleni, lazima upelekwe kwa Bibi Rabab. Huyu alikuwa mwanamke mzee mwanachuoni, kadhi wa mji alikuwa akimtegemea katika mambo yote ya wanawake, na husemwa kwamba hakuwahi kumtisha mtu kwa sauti wala kumwachia mtu kwa huruma. Umaima alimkuta amekaa kwenye mkeka na ungo wa dengu mapajani, anachambua vijiwe.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Usiape bado. Niambie tu, mara ya kwanza ilikuwaje?"

"Nilipanda darini, Bibi, shali yangu ikanasa kwenye kikuta ikachanika pembeni. Nikashuka. Mtoto alikuwa amelowa mpaka kichwani."

"Ya pili?"

"Ghaliya alifumbua macho akaniuliza, 'Wewe ni malaika au ni Umaima?' Nikamwambia malaika hawana vidole vilivyoungua chunguni. Akacheka, maskini, akalala."

Bibi Rabab naye akacheka kidogo. "Ya tatu?"

"Ilinyesha manyunyu. Dari likateleza, nilivuka kwa magoti."

"Ya nne?"

"Nilikwenda na mwanangu mgongoni, maana alikuwa na joto, sikutaka kumwacha. Nikawanyonyesha wote wawili, mmoja huku mmoja huku. Thabit alimshika mwanangu kidole."

Hapo Umaima akaendelea haraka. "Na ya tano, alilia. Alilia sana, Bibi, kuliko zote. Nikaenda nikamnyonyesha."

"Darini kulikuwaje?"

"Darini?"

"Miguu yako. Kulikuwa na ubaridi, kulikuwa na maji?"

"Sikumbuki."

"Mwanao ulimwacha na nani?"

Umaima akaikunja pembe ya shali yake. Mwanawe alikufa alasiri ya siku ile. Faraj ndiye aliyekuja kumwosha, akambeba mikononi, kitambaa cheupe, kafuri, akatoka naye mlangoni. Usiku wa tano nyumba ya Umaima haikuwa na mtoto wa kuachwa na mtu.

"Naisikia sauti yake, Bibi," akasema. "Naisikia hata sasa."

"Kumsikia si kumnyonyesha, mwanangu. Nenda. Ukae siku tatu, ufunge ukiweza, umwombe Mola akuonyeshe jambo kama lilivyokuwa. Ukija na tano nitaandika tano. Ukija na nne nitaandika nne. Sitatafuta shahidi mwingine, kwa sababu hayupo."

Siku tatu zile! Siku ya kwanza Umaima alifunga, na moyo wake ukamwambia tano, tano, una shaka gani, wewe ni mwanamke mwema, mwanamke mwema husikia mtoto analia asiende? Hata kama huikumbuki, umekwenda tu, wewe ndivyo ulivyo. Naye akatulia kidogo kwa maneno yale. Lakini akiikumbuka ile miguu isiyokumbuka dari, utulivu unamtoka.

Siku ya pili Lubaba akamletea maji ya kufuturu, akayaweka chini bila kumtazama, akafika mlangoni akageuka.

"Mama, baba alipofariki ulilia ukisema msimwagie maji baridi, hapendi baridi. Unakumbuka?"

"Nilikuwa sina akili. Maiti hasikii baridi."

"Watu wa uani walikuambia hivyo hivyo, nyamaza mama Lubaba, hasikii. Thabit alikuwa ndani na ndoo tayari. Alitoka akawasha kuni, akayapasha maji yale yakawa vuguvugu, ndipo akaanza. Ami Mbarak alimwuliza kwa nini unajichelewesha. Akasema, 'Mkewe amesema hapendi baridi.' Basi. Ndiyo siku niliyomjua."

Umaima akafuturu kwa maji yale.

Siku ya tatu, mchana mweupe, akapanda darini. Akashika kikuta kwa mkono. Hapa shali ilinasa. Hapa nilipita kwa magoti. Nne zote zilikuwepo pale, kila moja na alama yake. Ya tano haikuwepo. Akashuka, akaingia chumba alichokuwa akilala miaka ile, chumba cha kuwekea magunia sasa, akayasogeza magunia, akajilaza pale pale, uso kwenye ukuta kama mtu anayejaribu nguo ya zamani. Na mbele ya macho yake, karibu na pua, kulikuwa na ufa kwenye udongo, ufa mdogo wenye umbo la jani la mkunazi.

Akaujua. Aliutazama ufa ule usiku kucha.

Ndipo jambo likamjia kama lilivyokuwa. Mtoto alilia nyuma ya ukuta na maziwa yakamtoka yenyewe, yakilowesha nguo ya mfiwa, naye hakuinuka. Alijitia vidole masikioni. Alisema ndani ya nafsi yake, wangu amekufa, baba yako amembeba na mikono yake inanuka kafuri, na wewe unalia unataka maziwa yake? Lia. Akamwacha alie. Karibu na alfajiri sauti ikakatika ghafla, naye akadhani amekufa, na hakuinuka hata hapo, mpaka mchana uliposikika mlio wa mbuzi upande ule na sauti ya bibi yake mtoto, aliyekuja kutoka shamba na maziwa, akimbembeleza anywe. Na tangu mchana ule Umaima hakuweza kulibeba jambo lile, akaliweka mahali, na mahali pale moyo wake ukamjengea taratibu usiku mwingine, wa mwanamke mwema aliyekwenda mara tano.

Alilala pale kati ya magunia akalia. Sasa mtazameni. Angeweza kusema tano. Hakuna anayejua ufa. Binti yake angeolewa na kijana mwingine, wa wauza asali kama baba yake, heshima yake ingebaki, na watu wangesema masikini Umaima, amewahi kuwanusuru. Kusema nne kulikuwa ni kusema pia kwa nini si tano.

Aliinuka, akatia udhu, akaenda.

"Nne, Bibi," alisema kabla hajakaa. "Ya tano nilimsikia nikageukia ukutani. Mwanangu alikuwa amezikwa siku ile. Nilimwacha alie mpaka asubuhi. Nikakuambia nilikwenda, na wallahi niliamini nilikwenda."

Bibi Rabab akauweka ungo chini, akamshika mikono yote miwili.

"Nikuulize. Moyo wako ulisema haramu kabla ya kuyakumbuka maziwa, au baada?"

"Kabla." Akajifuta uso. "Niliposikia kafuri. Kafuri naijua tangu siku aliyobebwa mwanangu."

"Basi ndoa ni halali, haina shaka, na leo hii nitamwandikia kadhi. Kunjua uso wako, mwanangu. Mbona unalia tena?"

"Nilidhani moyo wangu unaniambia kweli! Usiku ule wa kwanza haukuniambia kweli?"

"Ulikuambia kweli. Na usiku wa tano ulikuambia geuka, na siku ile ya kafuri ulikuambia haramu, na siku hizi tatu ulikuambia wewe huwezi kuwa umefanya hivyo. Moyo ni huo huo mmoja. Usiuzibe masikio, ndilo kosa ulilolifanya kwa mtoto. Lakini mtoto akilia utajuaje ana njaa au ameumwa na mdudu? Unaamka, unawasha taa, unamtazama. Wewe ulisikia kilio ukatoa hukumu gizani."

Umaima aliwaambia wanawake wake kwamba alitoka kwa Bibi Rabab akiwa mwepesi kama aliyejifungua salama. Alicheka njiani peke yake. Alikumbuka kwamba lau angeinuka usiku ule, kama alivyokuwa akijisifu miaka yote kuwa aliinuka, binti yake angemkosa mtu aliyempashia maiti maji. Hakusema kwa hilo kwamba alifanya vyema kutoinuka. Alisema dhambi yake ni yake, na rehema ni ya Mola, na alikuwa haelewi hata siku moja jinsi Alivyoziunganisha.

Nasi, ndugu zangu katika imani, tusiudharau moyo unaposhtuka, maana umewahi kumwamsha mtu akavuka dari kwa ajili ya mtoto asiye wake. Lakini ukishtuka tuuulize: umeona nini? Umenusa nini? Unamwogopa nani? Na tumtafute wa kutuuliza habari za miguu yetu, hasa tunapojiona wema. Mola atuonyeshe haki iwe haki, na atuwekee karibu mtu kama Bibi Rabab. Amina.

Limebaki jambo moja. Asubuhi ya harusi, Thabit alikuja kumsalimu mkwewe. Umaima aliomba waachwe wawili, pazia katikati, akamweleza usiku wa tano wote, vidole masikioni na neno lile, lia. Kisha akamwomba radhi.

Thabit alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kutabasamu, "Mama, nimeosha wengi, sijamwosha bado aliyekufa kwa kulia usiku mmoja. Na zile nne umezisahau? Nimekusamehe, wallahi, na Mola akusamehe. Nami ningekuwa mwizi nisipokushukuru, maana ningenyonya mara moja tu zaidi leo ningekuja hapa kama shemeji wa bwana harusi."

Umaima akacheka huku analia. Kisha akanong'ona, "Lubaba asijue. Wala mtu yeyote. Naona haya."

"Mama," akasema Thabit, "mwosha maiti anaona kovu, anaona kilema, anaona ambalo mtu alilificha umri wake wote. Baba yangu alinifunza kumwagia maji na kufunika, na nikitoka nje nimesahau. Hili nimelimwagia maji na nimelifunika. Sitamwambia mwingine."